Mche wa Bure na Miiba Yake

(Ifuatayo ni mada iliyotolewa mjini Muheza katika semina ya wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia, mbele ya wageni wetu wafadhili. Tumeichapa karibu kama ilivyosemwa. Mhariri.)



Kwenye ratiba mada yangu imeandikwa "Jamii ya michungwa na kipato cha kaya". Nitazungumza juu ya jamii hiyo, ila kwenye kipato nitafika kwa kuzunguka kidogo. Kabla ya kuhesabu machungwa kuna swali ambalo kamati zetu hazijazoea kuliuliza, nalo ni hili: mche tunaomgawia mkulima, jicho lake lilikatwa kwenye mti gani?

Wataalamu wa mimea hupanga miti katika jamii kama sisi tunavyopanga watu katika koo. Ukoo ninaouzungumzia kwa Kilatini huitwa Rutaceae. Ndani yake wamo mchungwa, mchenza, mlimau, mdimu, mdanzi na mbalungi. Yumo pia mjafari wa porini, ule ambao shina lake lina vinundu vyenye ncha kali na ambao wazee wetu huchimba dawa. Hata ule mti mdogo wa majani ya kari uliopandwa nyuma ya nyumba nyingi za Tanga mjini ni wa ukoo huohuo. Mkitaka kuhakikisha, chukueni jani la mojawapo mlifikiche mnuse. Halafu chukueni jingine mliinue juani, mtaona vitone vidogo vinavyopitisha mwanga. Hivyo ni vifuko vya mafuta, na ndivyo vinavyotoa harufu. Wengi wa ukoo huu wana miiba, na wengi huzaa matunda. Chungwa tunalokula si tunda la mwituni: ni uzao wa chenza na lile balungi kubwa la ngozi nene, uliopatikana huko Asia karne nyingi kabla jahazi halijaleta mbegu pwani yetu. Danzi nalo lina wazazi haohao. Kwa hiyo chungwa na danzi ni ndugu wa tumbo moja, mmoja mtamu na mmoja mchachu, jambo ambalo hata katika familia zetu si geni.

Sasa nije kwenye miiba. Ukipanda mbegu ya chungwa, mara nyingi utapata mti unaofanana na mama yake, lakini mti huo utaanza maisha kwa utoto. Na utoto wa mchungwa ni miiba mirefu na kusubiri. Unaweza kukaa miaka saba au zaidi kabla ya kuona tunda. Lakini ukikata jicho, au kikonyo kama wengi wanavyoita, kutoka kwenye tawi la mti ambao tayari unazaa, ukalibebesha kwenye mche mwingine, jicho lile halirudi utotoni. Linaendelea na utu uzima wake. Miiba hupungua, na mwaka wa tatu au wa nne mti unaanza kuzaa. Ndiyo sababu wakulima wa Muheza wakajifunza kubebesha, na ndiyo sababu vijana wa vitalu vya hapa wana mikono mepesi kuliko mafundi cherehani.

Hapa kwetu mche wa chini, yaani ule unaobeba, ni mlimau wenye tunda la ngozi ya mikunjo mikunjo. Ulichaguliwa kwa sababu nzuri. Mizizi yake huenda mbali, huvumilia ukame na ardhi ya kichanga, na huusukuma mti ukue haraka. Udhaifu wake ni kwamba haupendi kuwekewa udongo na majani mabichi shingoni. Shina huoza na kutoa gundi. Zipo nchi zilizopendelea mdanzi kwa sababu hauozi hivyo. Huko Brazil, kuanzia mwaka 1937, michungwa iliyobebeshwa juu ya mdanzi ilianza kukauka kwa mamilioni kutokana na virusi vinavyoenezwa na vidukari. Mchungwa juu ya mlimau ulivumilia, mchungwa juu ya mdanzi ukafa. Tunda ni lilelile na jua ni lilelile. Kilichotofautiana ni mguu.

Mtume Paulo, katika Waraka kwa Warumi sura ya 11, anatumia mfano wa tawi la mzeituni mwitu lililopandikizwa kwenye mzeituni wa shambani. Padre mmoja aliwahi kuniuliza mbona sisi tunafanya kinyume, tunaweka kilicho kitamu juu ya kilicho kikali. Nilimjibu kwamba Paulo mwenyewe alijua ni kinyume na desturi ya mkulima, na nguvu ya mfano wake iko hapohapo. Bwana shamba hana neema hiyo. Akibebesha kilicho kibovu juu ya kilicho kizuri atavuna kibovu.

Kubebesha kuna hatari moja ambayo haionekani siku ya kugawa miche. Mnapompa mkulima mche uliobebeshwa mnampa miti miwili ndani ya kiriba kimoja: mchungwa juu, mlimau chini. Miti hii miwili haipendani kama tunavyofikiri. Mlimau una nguvu zaidi na wakati wote unatafuta nafasi ya kuchipua wenyewe. Maotea yakitokea chini ya kovu la kubebesha na yasikatwe, yanachukua maji na mbolea, na mchungwa unadhoofika. Ukija ukame mkali au ng'ombe akavunja tawi la juu, mchungwa unakufa, mlimau unabaki.

Katika kigango kimoja, barabara ya kwenda Maramba, mama mmoja alinionyesha mti mrefu kuliko yote shambani kwake. Ulikuwa na afya njema na miiba mirefu kama kidole. Alikuwa ameupata katika ugawaji wa miche ya bure, akaumwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo kwa miaka sita, kiangazi hadi kiangazi. Maua yalikuwa yametoka mara mbili na kuanguka, naye alidhani ni mchungwa dume, kama kuna papai dume. Nilifikicha jani, nikampa anuse. Hakusema neno kwa muda. Kisha aliniuliza kama nina hakika, na nilikuwa na hakika, kwa sababu kovu la kubebesha lilikuwa pale chini na kijiti cha mchungwa kilichokauka bado kilikuwa kimejishika pembeni, chembamba kama kalamu.

Ndugu wafadhili, naomba mnisikilize hapa. Katika taarifa ya mradi ule, mti huo ulihesabiwa kuwa umefanikiwa. Fomu ilikuwa na safu mbili, miche iliyogawiwa na miche iliyo hai, na mti ule ulikuwa hai kweli. Haikuwapo safu ya kuuliza ni mti gani uliobaki hai. Simlaumu aliyejaza fomu. Fomu ndiyo iliyotaka idadi.

Kumwonyesha mkulima jambo hili hakuhitaji semina ya siku tatu. Ashike mche wake, apapase shina kwa kidole tangu chini, atafika mahali penye kigoti kidogo. Hapo ndipo mpaka. Chochote kinachochipua chini ya mpaka akipangue kwa mkono kikiwa bado laini, kila wiki mbili katika mwaka wa kwanza, na baada ya hapo kila apaliliapo. Mpaka huo ukae juu ya ardhi, angalau urefu wa shubiri moja, wala asiufukie akidhani anauimarisha mche. Kama mjumbe wa jumuiya atapita nyumba kwa nyumba mara nne kwa mwaka akiangalia jambo hilo moja tu, tutaokoa michungwa mingi kuliko kwa kununua lori jingine la miche.

Nimeanza na hatari inayoonekana kwa macho. Ya pili haionekani, nayo ndiyo inayoninyima usingizi.

Kuna ugonjwa wa michungwa ambao jina lake la kimataifa ni la Kichina, na maana yake ni ugonjwa wa chipukizi la manjano. Sisi tuuite ugonjwa wa ukijani, kwa sababu tunda la mti mgonjwa hubaki na kijani sehemu ya chini hata likiiva. Husababishwa na bakteria wanaoishi ndani ya mishipa ya mti inayobeba chakula. Majani hupata mabaka ya manjano yasiyolingana pande mbili za ule mshipa wa katikati. Hapo ndipo mnaweza kuutofautisha na njaa ya udongo, kwani jani lenye njaa huwa njano kwa ulinganifu, kushoto kama kulia. Matunda huwa madogo, yamepinda upande, mbegu zake zimesinyaa, na maji yake machungu. Hayamdhuru anayeyakula, lakini hakuna wa kuyanunua. Dawa ya kuuponya mti ulioambukizwa hakuna.

Ugonjwa huu husafiri kwa njia mbili. Moja ni mdudu mdogo mwenye mabawa, ukubwa wake kama punje ya ufuta, anayefyonza machipukizi mororo. Nyingine ni jicho la kubebesha. Mti unaweza kubeba ugonjwa miezi mingi, hata miaka, kabla ya kuonyesha dalili. Pigeni hesabu nami: mwenye kitalu anakata vijiti 50 kutoka kwenye mti mmoja wenye majani mazuri, kila kijiti kina macho 8. Hiyo ni miche 400. Ikiwa mti ule ulikuwa umeambukizwa kimyakimya, miche mingi itakayotoka humo itakwenda na ugonjwa. Tukiipakia kwenye gari la parokia, na padre akaibariki, na katekista akaigawa katika vigango kumi, tutakuwa tumefanya kwa siku moja kazi ambayo mdudu angeifanya kwa misimu kadhaa.

Mtaniuliza kama ugonjwa huu upo kwetu au natishia watu. Upo wa aina mbili. Wa Kiafrika umejulikana barani tangu karne iliyopita, na mdudu wake hupenda baridi. Joto la tambarare humshinda yeye na bakteria wake. Kwa hiyo wenzetu wa milimani Usambara, Lushoto iliyo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, wako katika eneo lake, na sisi wa Muheza, Mkinga na Pangani tumekingwa na joto hilihili tunalolilalamikia. Mdudu wa milimani mtamtambua kwa jani: huliachia vijishimo chini na vipele juu, kama ngozi ya mtu mwenye tetekuwanga.

Aina ya Kiasia ni tofauti. Mdudu wake huvumilia joto. Akila hukaa amepinda, kichwa chini na mkia juu, wala haachi vipele. Mwaka 2016 watafiti walichapisha taarifa kwamba mdudu huyo amepatikana Tanzania, kule Morogoro, na mwaka uliofuata ikatoka taarifa kwamba yupo Kenya. Bakteria wa aina ya Kiasia walikuwa wamekwisha kuripotiwa Ethiopia mwaka 2010. Maana yake kwa mkulima wa hapa ni kwamba ukuta wa joto uliotulinda si ukuta tena kwa mdudu huyu. Morogoro na Muheza ni safari ya siku moja kwa basi, na mche ndani ya kiriba hulipa nauli ya mzigo tu.

Nitawapa mfano wa mbali, na nauchagua kwa makusudi. Mkoa huu wa Tanga uliishi miaka mingi kwa mkonge, na mkonge wote huo ulianza na vichipukizi ambavyo Mjerumani Richard Hindorf aliagiza kutoka Florida, Marekani. Mwaka 1893 vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62 tu, vikapandwa upande wa Pangani. Kutokana na hivyo 62 yalitokea mashamba, reli zake, kambi za vibarua, na wengi wetu humu ni wajukuu wa watu waliokuja kukata mkonge huo. Basi, Florida hiyohiyo ilikuwa nchi ya machungwa. Katika msimu wa 2003/04 walivuna masanduku milioni 242, kila sanduku kama kilo 41. Mdudu wa Kiasia alionekana kwao mwaka 1998, na moja ya njia alizosambaa nazo ni vyungu vya mimea ya mapambo ya ukoo huu, vilivyouzwa madukani watu wakapande uani. Ugonjwa wenyewe ukathibitishwa mwaka 2005. Msimu wa 2022/23 walivuna masanduku yasiyofika milioni 16. Vimbunga vilichangia, hasa kile cha Septemba 2022, lakini ugonjwa ndio ulioua. Na wale ni watu wenye vyuo vikuu, ndege za kupulizia dawa na bima ya mazao.

Kwa hiyo ninaposema "jicho lilikatwa kwenye mti gani", siulizi jambo la kitaalamu la kuwaachia mabwana shamba.

Nini kifanyike? Napendekeza kila parokia yenye kitalu iwe na miti mama inayojulikana, michache, iliyokaguliwa, na kila mti uwe na namba iliyopakwa rangi shinani. Asikate mtu jicho kwingine, hata kwa shemeji yake. Miche ikae ndani ya wavu wenye matundu madogo ambao mdudu hawezi kupita, na mlango uwe na pazia. Wavu huo si bei ya mchezo na siwezi kuwaficha, lakini ni mali ya miaka kadhaa. Visu visafishwe kwa jiki au spiriti kutoka mti hadi mti, maana yapo magonjwa mengine yanayopita kwenye kisu. Na kiwepo kitabu. Parokia zetu zinajua kutunza daftari la ubatizo: jina, wazazi, msimamizi, mahali, tarehe. Mtu aliyebatizwa miaka 50 iliyopita akitaka kufunga ndoa Dar es Salaam, tunafungua daftari na tunampata. Mche upewe daftari kama hilo. Namba ya mti mama, aliyebebesha, tarehe, aliyeuchukua, kigango chake. Siku mti mmoja ukionekana mgonjwa tutajua ndugu zake wote wako wapi kabla ya jua kutua. Bila daftari tutabaki kupita vijijini tukiuliza nani anakumbuka.

Ukaguzi wa miti mama si wa kukisia kwa macho. Mwombeni afisa ugani wa kata awaunganishe na TARI Mlingano, jirani zetu pale karibu na Ngomeni, na pia na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo sheria ya mwaka 2020 imeipa kazi hiyo. Kipimo cha maabara kinahitaji fedha, na hapo ndipo mchango wa mfadhili ungekuwa na maana kuliko kununua miche elfu ya ziada.

Najua pingamizi mbili, na zote nimezisikia katika vikao vyenu. Ya kwanza ni kwamba kama kubebesha kuna hatari zote hizi, basi tupande mbegu. Sipingi moja kwa moja. Kwa kawaida mbegu haibebi ugonjwa wa ukijani, mti wa mbegu haumgeuki mwenyewe kuwa mlimau, na huishi miaka mingi. Mjane mwenye kiwanja kidogo anayetaka mti mmoja wa kivuli na matunda ya wajukuu, apande mbegu, avumilie miiba. Lakini kijana anayetaka kulipa ada kwa machungwa hawezi kungoja miaka minane, na hatangoja. Atauza shamba anunue pikipiki.

Pingamizi ya pili ni ngumu zaidi, na sina jibu rahisi. Inasemwa hivi: mnatuambia mti mgonjwa ung'olewe. Ekari moja ikipandwa kwa mita 7 kwa 7 huingia miti kama 80. Mkulima akiambiwa ang'oe 30, hiyo si miti, ni sare, ni daftari, ni kadi ya bima ya afya. Mti mgonjwa bado huzaa kidogo kwa misimu kadhaa, naye atauacha ili apate hicho kidogo, na mdudu ataubeba ugonjwa hadi kwa jirani. Hakuna mahubiri yatakayomfanya mwenye njaa ashike shoka. Kama tunataka ang'oe, lazima kuwe na kitu mkononi siku hiyohiyo: miche safi kwa kila mti uliong'olewa, na mbegu za mahindi, kunde au mihogo za kupanda katikati ya mistari mpaka miche ile ikue. Naomba wafadhili mfikirie mfuko wa namna hiyo, hata mdogo. Utaonekana wa ajabu kwenye taarifa zenu, kwamba mlitoa fedha watu wang'oe michungwa. Nitafurahi kuwaandikia maelezo.

Bei nitaipita haraka, kwa kuwa mada ya ushirika itakuja mchana. Niseme jambo moja linalohusiana na haya. Mnajua desturi ya kuuza machungwa yakiwa bado maua. Mkulima ana mgonjwa au msiba, anakuja mnunuzi, wanatembea shambani, wanakubaliana bei ya shamba zima, na tangu siku ile matunda si yake. Malori yatakwenda Dar es Salaam au yatavuka Horohoro kwenda Mombasa, naye ataangalia tenga zikipita. Watu husema ubaya wake ni bei, na ni kweli bei huwa ndogo. Mimi naona ubaya mwingine: mtu aliyeuza maua haendi tena shambani kukagua majani. Hapangui maotea, hapogolei. Msimu ule miti ni ya mwingine. Kwa hiyo vikoba vya jumuiya vinavyomkopesha mwanachama mwezi wa maua vinalinda afya ya mti kama dawa ilindavyo, na ningependa kuona kamati za parokia zikiviangalia kwa jicho hilo.

Nilikuwa nimalize, lakini Sista amenikumbusha viwavi. Kwenye kitalu mtamwona kiwavi anayefanana kabisa na kinyesi cha ndege juu ya jani. Akikua huwa wa kijani, na ukimgusa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Huyo ni mtoto wa kipepeo mzuri mweusi na manjano, na kwa siku chache anaweza kuuacha mche bila jani. Msinunue dawa kwa ajili yake. Watoto wa Utoto Mtakatifu wamwokote kwa mkono asubuhi. Na wale sisimizi wekundu wakali mnaowaita maji moto, wanaoshona majani kuwa nyumba, msiwachome moto. Wanauma, ndiyo, na wachumaji wanawachukia, lakini wanawinda wadudu wengi waharibifu. Wakulima wa China walikuwa wakiwaweka ndugu zao kwenye michungwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Siku mbili tatu kabla ya kuchuma mnaweza kuupaka mwanzi majivu na kuutumia kuangulia matunda ya juu; wengine wana mbinu zao nzuri kuliko hiyo, mtuambie wakati wa maswali.

Sasa mambo ya utaratibu. Mafunzo ya kubebesha yatafanyika kitaluni. Kila parokia ilete watu wawili, na naomba mmoja wao awe mwanamke, kwa kuwa wao ndio tunaowakuta shambani tunapokwenda kukagua. Waje na kisu chembamba chenye makali, na vipande vya nailoni vya kufungia. Daftari litatoka kwetu, limekwisha kupigwa mistari. Ambaye ameona kwake jani lenye mabaka kama nilivyoeleza, asituletee tawi lake hapa hata likiwa limefungwa vizuri. Apige picha kwa simu, aandike jina la kigango, na auache mti pale ulipo mpaka tufike.

Nakaribisha maswali.